"Imekua mwaka hadi mwaka." Mwaka gani?

Ilikuwa mahafali ya shule yetu ya msingi. Turubai lilikuwa limefungwa upande mmoja kwenye mwembe na upande mwingine kwenye mlingoti wa bendera. Mgeni rasmi alikuwa amechelewa saa mbili, jambo lisilomshangaza mtu. Alipokaa tu, binti wa darasa la saba akasimama na karatasi kaishika kwa mikono miwili. Alipoingia aya ya pili nilijua neno linalofuata kabla hajalitamka, maana aya ile niliiandika mimi.

"Ndugu mgeni rasmi, shule yetu ilianza ikiwa na vyumba 2 vya miti na udongo, na imeendelea kukua mwaka hadi mwaka hadi kufikia vyumba 19 tulivyo navyo leo."

Makofi.

Dada yangu alikuwa kiti cha mbele yangu, mkoba mapajani. Mwanawe wa mwisho alikuwa miongoni mwa wahitimu. Hakupiga makofi. Aligeuza shingo kidogo, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Mwaka gani?"

Nikamwambia risala haikutaja mwaka wa kuanzishwa, maana wazee wenyewe hawakubaliani.

"Sikuulizi ilianza lini. Umeandika imekua mwaka hadi mwaka. Nakuuliza, mwaka gani?"

Akageuka zake mbele. Jina la mwanawe lilipoitwa, vigelegele vyake vilizidi vya wote pale uwanjani.

Wiki sita sasa, na swali lake bado ninalo.

Kazi ya jioni moja

Kazi yenyewe nilipewa kwa simu. Mwalimu mkuu anajua naandikaandika, akaniomba nimsaidie "historia fupi, mistari minne mitano tu". Nikachukua risala ya mwaka juzi, nikabadilisha idadi ya vyumba, nikaongeza yale maneno "mwaka hadi mwaka" kwa sababu yanatiririka vizuri mdomoni mwa mtoto. Jioni moja, kazi imekwisha.

Aliyewahi kukaa kwenye mahafali anaijua njia ya risala: historia fupi, idadi ya wanafunzi, mafanikio, changamoto, maombi. Historia iko pale mwanzo kama karibu ya mlangoni. Mgeni anasubiri maombi, shule inasubiri ahadi, na mistari minne ya kwanza haipingwi na mtu kwa sababu haisikilizwi na mtu.

Isipokuwa dada yangu.

Kuta zina tarehe zake

Jumamosi iliyofuata nilikwenda shuleni peke yangu. Mlinzi ananifahamu, akanifungulia geti akarudi kwenye redio yake.

Shule ya msingi ya serikali, ukiijua lugha yake, huisomi kwenye karatasi. Unaisoma kwenye madirisha. Jengo la zamani kuliko yote pale kwetu lina kuta za tofali za kuchoma na madirisha mapana yasiyo na kioo wala nondo, ni uwazi tu. Hilo ni la enzi ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoagiza kila mtoto wa Tanzania awe shuleni kufikia 1977, badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa mwanzo, hapakuwa na muda wa kusubiri vioo. Watu walifyatua tofali wakachoma, kinamama wakasomba maji kwa ndoo. Wakati wa uhuru, 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wasiofika nusu milioni. Mwanzoni mwa miaka ya themanini walikuwa karibu milioni 3.5. Ukisimama ndani ya chumba kile chenye bati lenye kutu, unaelewa namba hiyo ilipita mikononi mwa nani.

Upande wa pili wa uwanja kuna jengo lenye nondo dirishani, na juu ya mlango bado yanasomeka kwa mbali maandishi ya rangi ya bluu: MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Mwaka pembeni yake umefutika. Mbele yake kuna madarasa mapya kabisa, ya sakafu ya vigae na madirisha ya aluminiamu, ambayo watoto huvua viatu kuingia hata kama hawajaambiwa.

Kati ya jengo la UPE na jengo la MMEM kuna nafasi.

Nilipita hapo miaka saba nikiwa mwanafunzi na sikuwahi kuiona. Ni eneo la vyumba viwili hivi, lenye majani ya kiunoni. Ukiyafunua unakuta boma: kuta zilizoishia usawa wa madirisha, tofali zimeliwa na mvua kwenye kona, na mpapai umeota katikati ya kile ambacho kingekuwa chumba cha darasa. Sisi tulikuwa tunajificha humo tukicheza kombolela. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini mtu aanze kujenga darasa halafu aache.

Nilikaa juu ya ukuta ule kwa muda. Hapo ndipo swali la dada lilipoanza kunikalia vibaya.

"Ualimu Pasipo Elimu"

Mtu pekee niliyejua anaweza kunijibu ni mwalimu wangu wa darasa la pili, aliyestaafu na sasa anafuga mbuzi nyuma ya nyumba yake, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nilimkuta amekaa kibarazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umenenepa."

Yeye ni mwalimu wa UPE, na anasema mwenyewe kabla hujauliza. Alimaliza darasa la saba, na muda mfupi baadaye akawa mbele ya darasa la kwanza akiwa hajaota ndevu. Walimu wangepatikana wapi? Vyuo visingeweza kutoa idadi ile kwa miaka mitatu. Kwa hiyo vijana waliomaliza la saba walichukuliwa wakafundishwa kazi wakiwa kazini. Nusu ya siku anafundisha, nusu nyingine yeye ndiye mwanafunzi, na mafunzo hayo yalichukua miaka mitatu.

Mjini watu wakavigeuza vifupisho kuwa utani: UPE, Ualimu Pasipo Elimu. Nilikuwa nautumia utani huo mimi pia, hadi nilipomwona akiutamka mwenyewe.

"Walitucheka sana," alisema. "Na wengi wao kichekesho hicho walikisoma gazetini. Sasa waulize, nani aliwafundisha kusoma gazeti?"

Nikamuuliza kama haikuwa haraka mno. Kama watoto mia darasani, na mwalimu ambaye jana tu alikuwa mtoto, si ndiyo mwanzo wa malalamiko yote ya leo kuhusu kushuka kwa elimu. Hakukasirika. Alisema ilikuwa haraka, ndiyo, na kwamba zipo hesabu alizozifundisha vibaya mwaka wa kwanza na bado akikutana na wale wanafunzi anaona haya. Kisha akaniuliza nilitaka yupi kati ya wale watoto asubiri hadi 1989.

Sikuwa na jibu. Bado sina, na naandika hili bila kujifanya ninalo.

Kisha nikauliza juu ya boma.

Alinyamaza. Akainuka kwenda kufunga banda la mbuzi, ingawa lilikuwa limeshafungwa. Aliporudi alizungumza akiwa amesimama. Wazazi waliinua kuta zile, akasema, wakati bado serikali inaleta bati. Halafu bati likawa haliji. Vita ya Kagera ilishapita, madeni yakabaki, dukani hata sabuni ya kufulia ilikuwa bahati. Ada iliyofutwa 1973 ikarudi 1984 kwa jina la mchango. Baadaye michango ikazaa michango: ya mlinzi, ya dawati, ya mitihani, ya chaki.

"Tukaambiwa asiyeleta asiingie."

Nikasubiri.

"Nilikuwa nasimama pale mlangoni na daftari la majina," akasema. "Asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri."

Neno moja, ukurasa mzima

Nilirudi kwa mwalimu mkuu nikaomba kuona rejista za zamani, mistari ya ndugu yangu tu. Alisita kidogo, nami namwelewa, zile ni habari za watu. Mwishowe akakubali nitazame mbele yake. Alifungua kabati la chuma lililokwama, likapiga kelele hadi watoto wa darasa la jirani wakacheka.

Rejista ya uandikishaji ni daftari kubwa lenye jalada gumu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kuondoka, sababu ya kuondoka. Mwandiko ni mzuri kweli, wa wino wa bluu, herufi zimelala upande mmoja kama zimepigwa na upepo.

Nilikuta jina la dada. Darasa la V. Sababu ya kuondoka: *Utoro*.

Mwalimu mkuu alikuwa amefunika majina ya wengine kwa karatasi, lakini safu ya mwisho ilibaki wazi, na macho hayana pazia. Utoro. Utoro. Amehama. Utoro. Amefariki. Utoro. Utoro. Pengine mwandishi alichoka akaweka alama mbili ndogo, zile za "kama hapo juu", na alama hizo zikashuka hadi chini ya ukurasa.

Wote hawa walitoroka kwenda wapi?

Kwa kumbukumbu za nchi hadithi hii si ya siri. Uandikishaji uliokaribia kuwafikia watoto wote mwanzoni mwa miaka ya themanini ulianguka, na kufikia mwisho wa miaka ya tisini waliokuwa darasani walikuwa takribani sita katika kila watoto kumi wa umri wa shule. Nilishaisoma namba hiyo chuoni, nikaijibia mtihani. Sikuwahi kuiunganisha na dada yangu, ambaye jina lake lilikuwa kwenye ile nne iliyobaki.

Nyumbani hadithi ilikuwa kwamba dada "aliacha shule". Mama ndivyo alivyosema, majirani ndivyo walivyosema, na mimi nilikua nikijua kuna watu wa kusoma na kuna watu walioacha. Kiswahili hapa kimetusaidia kudanganyana. Ukisema "aliacha", mtendaji ni mtoto. Ungesema "alirudishwa", ungelazimika kutaja aliyemrudisha.

Mimi niliingia bure

Sasa hapa ndipo panaponiuma, na ndipo nilipotaka kuruka.

Nilianza darasa la kwanza Januari 2002. Ada ilikuwa imefutwa tena mwaka uliotangulia, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ndiyo kwanza unaanza. Yeyote aliyekuwa shule wakati ule anakumbuka vumbi lake. Watoto wa miaka saba tuliandikishwa pamoja na waliokuwa na miaka kumi na moja, wengine wakubwa kuliko kaka wa zamu. Nchi ilikuwa na wanafunzi wa msingi kama milioni 4.8 mwaka 2001. Mwaka 2005 walikuwa zaidi ya milioni 7.5. Pale kwetu tulikaa sakafuni, kisha juu ya tofali zilizoletwa kujengea jengo jipya, na kila tofali zilipochukuliwa kupandishwa ukutani tulishuka tena chini. Kwa hiyo naweza kusema bila kutia chumvi kwamba nimekalia jengo la MMEM kabla halijawa jengo.

Aliyeninyooshea sare siku ya kwanza ni dada. Alikuwa na miaka kumi na minane, anauza maandazi stendi alfajiri na kurudi saa mbili kunipeleka. Alinisindikiza hadi mlangoni kwa darasa. Mlangoni palikuwa na mwalimu mwenye daftari, yule yule, na dada akasimama hatua kama tano nyuma akanisukuma kidogo mgongoni niende mwenyewe.

Miaka yote nilidhani ananifundisha ujasiri.

Wale waliokuwa wamekosa shule waliwekewa mpango wao, MEMKWA, na wapo waliomalizia humo. Nilimuuliza dada mwezi uliopita kwa nini hakujiunga. Akaniuliza maandazi yangeuzwa na nani, na daftari zangu zingenunuliwa na nani.

A na B

Yaliyofuata mnayajua, nayapita haraka. Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, elimu bila ada kuanzia Januari 2016, foleni za uandikishaji, kampeni ya madawati ambayo ilimfanya kila mwenye cheo apigwe picha akiwa amekaa kwenye dawati lisilomtosha. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo shuleni inafika 6,000 na iliyobaki ni ya vitabu. Mwongozo unasema wanafunzi 45 kwa darasa, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Hesabu za shule yetu sizitaji, mwalimu mkuu kaniomba.

Niseme moja tu, maana linanichekesha na kunisumbua kwa pamoja. Shule yetu ilipofurika, iligawanywa. Sasa kuna A na kuna B. Uwanja ni ule ule, kengele ni ile ile, rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Walimu wakuu wawili, mihuri miwili, rejista mbili. Mchana kengele moja ikigongwa, watoto wa A wanatoka mapumziko na wa B wanainua vichwa kuona kama ni yao.

Kwenye taarifa za wilaya, hilo ni ongezeko la shule moja. Na kwenye risala yangu nililiandika kama mafanikio.

Siwalaumu walioigawa. Ofisi moja haiwezi kuwajua watoto elfu kadhaa. Ila nilipokuwa nimekaa juu ya lile boma niliona shule hii imeongezeka vyumba kila mlango ulipofunguliwa, yaani miaka ya sabini, 2002, 2016. Kila mara watoto walitangulia, kuta zikafuata zikihema nyuma yao. Sijaona pale uwanjani jengo hata moja lililojengwa likawasubiri watoto. Na mlango ulipofungwa hakuna kilichoandikwa popote, ila neno moja kwenye safu ya mwisho ya daftari.

Mistari mitano

Juzi nimeiandika upya ile aya. Mwalimu mkuu amesema risala ya mwakani ataangalia, nafasi ni ndogo, mgeni rasmi huwa na ratiba. Nimejitahidi isizidi mistari mitano. Inataja vyumba 2 vya udongo, tofali za UPE, walimu waliofundisha wakiwa bado wanafundishwa. Halafu inasema: *Kuanzia katikati ya miaka ya themanini hadi 2001 hapakujengwa darasa, na wanafunzi wengi walirudishwa nyumbani kwa kukosa michango. Wengi wao hawakurudi.* Kisha MMEM, kisha elimu bila ada, kisha A na B.

Nilimpelekea yule mwalimu mstaafu kwanza. Aliisoma mara mbili, miwani puani. Nilitegemea aniombe nitoe kile kipande cha michango. Alichosema ni kwamba "wengi" ni neno la mvivu, na kwamba kama daftari lipo wangeweza kuhesabiwa. Kisha akauliza hali ya dada, kwa jina lake kamili la darasani, majina matatu, bila kukosea.

Jioni nikampelekea dada mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele, akaniambia nisome kwa sauti. Nikasoma. Mikono yake haikusimama. Nilipomaliza nikamweleza na habari ya rejista, na lile neno, na kwamba kwa maoni yangu angeweza hata kuomba lirekebishwe, kwamba aliondolewa akiwa darasa la tano kwa sababu ya mchango na si utoro.

"La sita," akasema.

"Rejista inasema la tano."

"Nilikuwa nimepanda la sita. Nilisoma siku tisa." Akapeta ungo, makapi yakaruka upande wa mlangoni. "Nilikaa dawati la pili kutoka dirishani. Siku ya kumi ndiyo nikamkuta mlangoni."